Baba Anauliza Habari za Taa Zako

Hosteli ya Wanafunzi wa Nje,
Uingereza.
8 Februari 1998

Kaka yangu Masunga,

Nakuandikia nikiwa mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo mpaka nacheka kwa upande mmoja. Nyie hamjambo hapo Usevya? Mgongo wa mama, Mayu wetu, unaendeleaje? Kulwa na Dotto wameanza kutembea, au bado wanavutana mashati tu? Mwambie mkeo, mama Kulwa, kile kitenge alichonifungia siku ya safari ndicho ninachojifunika juu ya blanketi, na sikitoi.

Redio ya huku ilitaja mafuriko ya Tanzania, reli na madaraja yaliyokatika. Kwetu hawakukutaja, nikabaki nawaza. Na Baba? Desemba uliandika kwamba miguu inamvimba jioni, asubuhi inanywea. Mmempeleka hospitali Mpanda, au bado anasema ni uzee?

Uliniuliza nafanya nini hasa huku nikakujibu juu juu. Unaikumbuka ile mashine ya kuchapa ya Padri Apollinarie, inayorusha wino kwenye karatasi ikienda na kurudi? Sisi tunatumia ya jamii hiyo. Badala ya wino wa kawaida tunatia dawa ambayo ikishakauka, ukiipitishia umeme, inawaka yenyewe. Badala ya karatasi tunachapa juu ya kioo. Kwenye kioo kuna kuta zimejengwa, kama majaruba ya mpunga ukiyatazama kutoka mbali, isipokuwa jaruba moja halifiki unene wa unywele. Hapa linatua tone la kuwaka jekundu, jirani yake la kijani, jirani yake la buluu. Kila jaruba wanaliita pikseli. Zikipangwa nyingi zinakuwa picha, na wanasema iko siku televisheni itakuwa nyembamba kama bahasha hii.

Shida ni kwamba tone likikosea kidogo linamwagikia kwa jirani, na rangi zinaharibiana. Hata likitua sawasawa, likikauka linakimbilia ukutani, katikati kunabaki kwembamba. Likiwaka unaona pete, huoni nukta. Profesa amenikabidhi mimi hiyo shida. Hapa maabara ni mimi tu mwenye ngozi kama yangu, na ni mwanamke peke yangu. Nataka niitatue.

Msomee Baba barua hii. Ukiifupisha nitajua.

Mdogo wako,
Theopista

*

Usevya,
kupitia duka la Cletus, Mpanda.
22 Machi 1998

Dada Theopista,

Hatujambo. Barua yako ilikaa sana kwenye droo ya Cletus pale Kashaulili mjini kwa sababu mto Katuma umeimeza barabara, malori yanaishia Sitalike. Mimi nimevuka kwa miguu na baiskeli begani. Viboko wamekula mpunga wa upande wa chini wote. Wa juu upo. Kulwa anatembea, Dotto bado, anabebwa na mwenzake anaanguka naye. Mayu ni yule yule, mgongo unauma na haachi kulima.

Baba tulimpeleka Mpanda kabla njia haijafungwa kabisa. Daktari alimpima akasema moyo umekuwa mkubwa. Kapewa vidonge vya kupunguza maji mwilini, vinamwamsha usiku kwenda nje na mimi ndiye ninayemshika mkono. Nimehamishia kitanda changu kwenye nyumba yake. Mama Kulwa analalamika kidogo, ila anaelewa.

Nilimsomea barua yako yote, sikufupisha. Alisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Huko anapata ugali?" Nikamwambia hujaandika. Akasema, "Muulize." Basi nakuuliza.

Mimi kuhusu hizo taa sina la kuuliza, wewe ndiye uliyesoma. Nilipoacha shule nikaenda na ng'ombe nilijua mmoja wetu atakwenda mbali, na sikuwa mimi. Simaanishi vibaya. Endelea na kazi.

Masunga

*

Uingereza,
3 Mei 1998

Kaka Masunga,

Mwambie Baba ugali napata, wa unga wa mahindi wa duka la Wahindi, unashikana kidogo. Pole na mpunga. Dotto akianguka mwokoteni, msimcheke. Na wewe pole kwa kulala huko kwa Baba. Najua usingizi wako ulivyo mzito, kwa hiyo najua unachokifanya.

Kaka, limekubali.

Nilikuwa nawaza lile jani la magimbi, mvua ikinyesha maji yanabiringika juu yake hayashikamani nalo. Nikasema kuta za vile vijaruba zikiwa hivyo, na sakafu yake iwe inapenda maji, tone lenyewe litarudi nyumbani hata likitua vibaya. Kuna hewa fulani tunayoichoma kwa umeme ndani ya chombo, inabadilisha uso wa kuta. Nikaipitisha. Halafu ile dawa nikaiyeyusha kwa vimiminika viwili, kimoja kinachokauka haraka, kimoja kivivu, ili isipate muda wa kukimbilia ukutani. Nilijaribu wiki nyingi. Ijumaa iliyopita nikaunganisha umeme, kikawaka kijani kitupu, bila pete, kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba.

Profesa aliinama akakitazama muda mrefu. Akaniwekea mkono begani akasema, "Hii ni kazi yako, Theo." Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi maana sikutaka wanione.

Sasa jambo lenyewe. Ufadhili wangu unaniruhusu kuja nyumbani mara moja tu, mwezi Agosti. Profesa angependa nisije, kwa sababu Septemba kuna mkutano mkubwa ambapo kazi hii itaonyeshwa. Mimi nimegawanyika. Moyo mkubwa ni ugonjwa ninaoujua, nimeusoma vitabuni. Niambie Baba yukoje, bila kunilinda. Kama ameniita hata mara moja, mkutano naacha. Nakutegemea wewe kwa hilo, sina macho mengine huko.

Theopista

*

Usevya,
5 Julai 1998

Dada Theo,

Barua yako ya Mei imefika. Njia sasa ni kavu, malori yanapita. Tumeshavuna mpunga wa juu, Mayu anaanika. Dotto anatembea. Mayu amepungua mwili kidogo kwa ajili ya kazi, usiogope.

Usije Agosti. Baba hana shida. Anapumzika, hasumbuki tena na miguu. Ukija utaharibu kazi yako kwa bure, na yeye hatapenda kusikia umeacha mkutano kwa ajili yake. Kaa umalize.

Barua nimeisoma, na Baba anauliza habari za taa zako. Anauliza hivi: hilo tone likitoka kwenye tundu, ni nani analiambia likatike hapo, lisiendelee kutiririka kama maji ya bomba? Anauliza tena, rangi zote zinatoka kwenye chupa moja au kila moja ina chupa yake, na mnajuaje ipi imefika wapi wakati ni ndogo hivyo? Anasema lile la jani la magimbi kalipenda.

Jibu hayo. Mengine tutaongea ukimaliza.

Kaka yako,
Masunga

*

Uingereza,
20 Septemba 1998

Mpendwa kaka,

Salamu kwa wote. Nimefurahi mlivuna. Mayu apunguze kazi.

Sikuja, kama ulivyosema. Mkutano umepita. Kazi inaendelea.

Maswali ya Baba niliyaandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani juu ya meza yangu. Katika miaka yote hajawahi kuniuliza maswali marefu hivyo. Mwambie majibu yake haya. Tundu lina kigae kidogo pembeni, kigae hicho umeme ukikipita kinajikunja, kinaminya mara moja na kuachia. Kule kuachia ndiko kunakolikata tone. Ukiminya kwa pupa, nyuma yake yanafuata matone madogo ya uchafu. Ukiminya kwa woga, halitoki. Kila rangi ina chupa yake na matundu yake. Kujua ipi imefika wapi, tunatazama kwa darubini. Tundu likiziba tunaanza upya. Na rangi zote hazilingani maisha: buluu huchoka mapema kuliko wenzake, hakuna hapa anayejua dawa yake bado.

Masunga, naomba picha ya Baba. Ya sasa. Yule mpiga picha wa Kashaulili, anayekuja huko siku za mnada, mwambie ampige akiwa amekaa nje kwenye kiti. Sina hamu na kitu kingine.

Kama barua hii ni fupi, ni uchovu tu.

Theo

*

Usevya,
15 Novemba 1998

Dada Theo,

Sisi wazima. Mvua za kwanza zimegusa, ng'ombe wawili wamezaa. Mama Kulwa ana mimba tena, omba asije na mapacha.

Picha haijapatikana. Mpiga picha kahamia Tabora, na mwingine hajaja.

Baba amefurahi na majibu. Kuhusu hiyo buluu anasema kama inachoka mapema msiipe kazi sawa na wenzake. Ipeni eneo kubwa zaidi ili ibebe kidogo kidogo. Anauliza ule uchafu unaofuata nyuma ya tone, mkiukamata kwa darubini mnaweza kuufuta au kioo kizima kinatupwa?

Mbona hukuandika mkutano ulikuwaje? Hapa watu wananiuliza. Nimewaambia umeonekana mbele ya wazungu wote. Ukimaliza shahada ndipo uje, usije nusu nusu.

Masunga

*

Uingereza,
17 Januari 1999

Masunga,

Nakusalimu kwa sababu Mayu alitufundisha tusimwandikie mtu bila salamu. Nimemaliza kusalimu.

Siku ya mwaka mpya nilipanga foleni kwenye simu ya hosteli nikapiga dukani kwa Cletus. Nilitaka tu kumwomba awafikishie salamu. Alipokea mwenyewe. Nikasema, "Ni Theopista, wa mzee Nyanda wa Usevya."

Akasema, "Dada Theo, pole sana. Tulikusubiri mazishini. Masunga akatuambia chuo kimekunyima ruhusa, tukakuonea huruma."

Nikamuuliza, "Mazishi ya nani, Cletus?"

Nilimsikia anamwambia mtu dukani, "Hebu subiri." Aliporudi kwenye simu alikuwa analia. Yeye, mtu baki, ndiye aliyeniambia Baba alikufa tarehe kumi na nne Juni, mkamzika kesho yake nyuma ya zizi.

Juni. Wewe uliniandikia Julai. "Hasumbuki tena na miguu." Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi na kila mara naona ulivyoichagua. Ulikaa ukaitafuta sentensi ambayo si ya uongo. Halafu ukachoka na kazi hiyo, ukaandika uongo mtupu: Baba anauliza, Baba anasema, Baba kalipenda.

Nikwambie maswali yale yalinifanyia nini. Mkutano wa Septemba, Profesa alipanda jukwaani na kijana wake Graham, wakaonyesha kile kioo changu. Walieleza kuta zinazokataa tone, walieleza vimiminika viwili. Kwenye orodha ya majina, langu halikuwemo. Nilikuwa nimekaa nyuma kwenye viti vya wageni. Nilimfuata baadaye. Akaniambia kwa upole kabisa, "Theo, wewe ulikuwa unaendesha mashine. Wazo ni la maabara." Wiki iliyofuata akanihamishia kwenye kuosha vioo vya wenzangu. Sikukuandikia, niliona aibu, na niliona Baba mgonjwa hastahili kusikia. Kila asubuhi nilikaa mbele ya karatasi ile ukutani. Nilisema hata kama hawa wamenifuta, kule Usevya yuko mzee asiyejua kusoma ambaye amenielewa.

Hakuwepo. Ulikuwa wewe umejificha ndani ya sauti yake.

Profesa hakuzaliwa na mama yangu. Kwake nilitegemea haki tu, akaninyima. Wewe nilikuandikia kwamba sina macho mengine huko. Ulijua, ukayafumba.

Karatasi nimeitoa ukutani.

Theopista

*

Usevya,
20 Februari 1999

Theopista,

Barua yako nimeipata. Sikumwonyesha mtu. Mayu mzima.

Baba mwenyewe ndiye aliyesema usiambiwe. Alisema mwacheni mtoto asome. Mimi nilitii. Wewe hukuwepo, mimi nilikuwepo. Nimemgeuza kitandani, nimemwosha, nimemnywesha uji kwa kijiko mpaka mkono unakufa ganzi. Sasa unaniandikia kama hakimu kutoka kwenye joto la hosteli.

Na wewe ulisema kazi inaendelea. Nimewaambia watu wa mnadani dada yangu ameonekana kwenye mkutano, kumbe unaosha vioo. Tungejua hivyo, ungekuwa umerudi zamani na mimi nisingekuwa na cha kuficha. Basi tumedanganyana.

Mama Kulwa amejifungua mtoto wa kike, mmoja. Mayu amempa jina lako kabla sijafungua mdomo.

Masunga

*

Uingereza,
28 Machi 1999

Masunga,

Hongera kwa mtoto. Msalimie mama yake, hana kosa.

Jumapili iliyopita Padri Apollinarie alimleta Mayu mjini kwa gari la parokia, tukaongea kwa simu ya Cletus. Hakujua ulishanipa habari gani na gani, kwa hiyo hakuwa na la kunificha. Nilimuuliza kama Baba alisema nisiambiwe.

Akasema, "Nani kasema hivyo? Alikuita mpaka tukachoka kumwitikia. Masunga akaenda Mpanda kukupigia telegramu, akarudi akasema ameituma. Wewe ndiye hukuja, ng'wanone, mwanangu. Nimekaa na hilo moyoni."

Miezi tisa mama yangu ananichukia kimyakimya kwa kutoitika wito ambao haukufika. Nilimwapia kwamba sikupata telegramu yoyote. Akampa Cletus simu. Sasa anajua. Sijui mnaishije humo ndani, na sitauliza.

Hapa nililalamika. Waliunda kamati ya watu watatu, ikakaa mezani na daftari zangu za maabara. Jina langu limeingizwa, la mwisho, baada ya Graham. Profesa alinipa mkono mbele yao. Wameniambia nishukuru. Nimeomba kuhamia kwa mwalimu mwingine, chuo kingine, kuanzia Oktoba, na wamenikubali. Nitaendelea na matone, kwa sababu nayapenda, ila si mikononi mwa yule.

Kabla ya hapo nakuja, kwa ile safari ya ufadhili niliyoiacha Agosti. Natua Dar tarehe tisa Juni, nitapanda treni mpaka Mpanda. Usije stesheni. Cletus atanipokea na Mayu atakuwa kwake. Tutakwenda kaburini mimi na yeye, halafu nitaamua kama naingia kwako au nalala parokiani.

Kuna kitu kimoja nakitaka nikiwa bado njiani. Umenitungia maneno mengi ya Baba. Niandikie ya kweli. Aliyoyasema siku zile, kwa kinywa chake, hata yakiwa machache, hata yakiwa mabaya kwangu. Na telegramu iko wapi. Ukiongeza neno lako hata moja nitalitambua, siku hizi nimejifunza.

Theopista

*

Usevya,
9 Mei 1999

Dada Theopista,

Mayu hajambo. Anakula kwa mama Kulwa, chakula changu hapokei. Anaongea nami pale tu panapokuwa na ng'ombe aliyepotea.

Sitakuja stesheni.

Telegramu sikutuma. Baba alianza kukuita mwisho wa mwezi wa tano. Nilipanda lori la mpunga hadi Mpanda, nikafika posta, nikasimama kwenye foleni. Nilikuwa nayo kichwani tayari: Baba mahututi njoo. Mbele yangu palikuwa na watu wawili, halafu mmoja. Nikatoka. Nikaenda kukaa kituo cha malori mpaka la kurudi likaondoka.

Nimetafuta sababu nzuri sijaipata, nakupa iliyopo. Miezi ile yote nilikuwa nimemshika mimi. Akiamka usiku mkono wake unapapasa unanikuta mimi, halafu anasema, "Theo." Si kwamba amechanganyikiwa, alikuwa ananijua. Ananitazama usoni na kuniuliza wewe uko wapi. Niliona ukifika, zile siku zilizobaki zitakuwa zako, na mimi nitarudi kuwa mtu wa kuchota maji ya kuogea. Nilitaka anitazame mimi hadi mwisho bila kutafuta mtu mlangoni. Hakufanya hivyo. Alitafuta mlangoni mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo sikupata hata nilichokuibia.

Ile barua yako ya kusema utakuja Agosti niliipokea tumeshamzika. Ungekuja ungeuliza telegramu. Ndipo nikaandika usije, na baada ya hapo kila barua ilitaka nyingine.

Yale maswali ya taa yalikuwa ya kwangu. Nilikuwa nasoma barua zako nikiwa machungani, nazirudia. Nilitaka kujua kwa kweli nani analikata lile tone. Nilishasema sina la kuuliza, nikaona aibu kurudi nyuma, nikayatia mdomoni mwa Baba. Hayo hukuniuliza, naomba uyasome hivyo hivyo.

Maneno yake ni haya, sijaongeza.

Siku ya kwanza alisema, "Theo aje." Nikasema nitakwenda Mpanda.

Niliporudi kutoka Mpanda alisema, "Umempata?" Nikasema, "Anakuja."

Siku nyingine alimuuliza Mayu kama ndege zinatua usiku. Mayu akasema hajui. Akasema, "Zitakuwa na taa."

Kulikuwa na siku nyingi hakusema lolote, alikuwa anavuta pumzi tu. Nilikaa naye.

Jumamosi jioni, kesho yake ndiyo akafa, alisikia gari barabarani. Lilikuwa lori la watu wa chumvi, likapita. Yeye akadhani limesimama. Alijaribu kukaa, nikamwegemeza kifuani kwangu. Akageuka upande wa Mayu akasema, "Mpeni chakula kwanza. Ametoka mbali. Akishakula ndipo aje anisalimie."

Mayu akanitazama. Nikamwambia Baba, "Sawa, anakula."

Baada ya hapo hakusema tena.

Kaka yako, kama bado,
Masunga